KUNUNUA KIMYA: MAS'ALA YA MTOTO ALIAYE SOKONI

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyewajaalia waja wake watoto, akawafanya kuwa pambo la nyumba na mtihani wa subira. Rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, aliyekuwa mpole kwa wadogo, na ziwashukie jamaa zake na masahaba wake wote.

Amma baad. Katika mambo ambayo watu huyahesabu kuwa madogo, na kumbe ndani yake mna jambo kubwa la dini na murua, ni hili la baba kuingia sokoni na mtoto wake, mtoto akaona kitu akakitamani, akanyimwa, akalia mbele za watu. Wengi hucheka wakasema kwamba hayo ni ya watoto na yatapita. Ni kweli kilio hupita. Walakini lile alilofunzwa mtoto katika saa ya kilio halipiti. Hukaa moyoni mwake likakua pamoja naye, hata akawa mtu mzima mwenye biashara na ahadi na deni. Kwa hiyo yapasa kuuliza: je, yafaa baba kukinunua kimya cha mtoto wake? Na kama haifai, afanye nini mtu aliyesimama katikati ya duka, mkono mmoja umeshika kikapu na wa pili umeshika mtoto apigaye mayowe?

Hapo kale mtu wa pwani hakuwa na haja kubwa ya swali hili. Katika Lamu, au Pangani, au Mji Mkongwe wa Unguja, mtoto mdogo alibaki na bibi yake au shangazi yake au jirani. Na alipotumwa dukani, mwenye duka alijua kwamba huyu ni mwana wa fulani, akamrudisha kwao kwa adabu. Leo watu wengi wa pwani wamepanda bara kutafuta riziki, na mmojawapo wa miji waliyofikia ni Karatu. Huko hakuna bibi wala shangazi wa kumwachia mtoto. Mama akiwa mgonjwa au ana kazi, baba hapati njia illa kumshika mwanawe mkono na kwenda naye sokoni. Na hapo ndipo mwanamume ambaye kwao hakukijua kilio hicho hukutana nacho uso kwa uso.

Na kwa asiyeujua mji huo, mtu akitoka Arusha akapita Makuyuni na Mto wa Mbu, kisha akaupanda ukuta wa Bonde la Ufa, hufika Karatu, mji wa udongo mwekundu na baridi ya Juni na Julai, katika nchi ya Wairaqw, ambao wengi huwaita Wambulu. Ndio mji mkubwa wa mwisho kabla ya lango la Ngorongoro. Na Ngorongoro ni ile kasoko kubwa iliyofanyika kwa mlima wa moto ulioporomoka, kina chake kama mita 600, na sakafu yake kama kilomita za mraba 260. Eneo lake lilitengwa na serikali mwaka 1959 ili wanyama wa mwitu na wafugaji wakae pamoja, na mwaka 1979 likaingizwa katika urithi wa dunia. Kwa sababu hiyo magari ya wageni hupita Karatu kila siku, yakasimama hapo kutia mafuta na kununua maji na mikate.

Basi mji huo una masoko ya namna mbili. La kwanza ni soko la chini, ambapo wanawake hutandika magunia wakapanga mafungu ya viazi na maharage, na vitunguu vitokavyo Mang'ola karibu na Ziwa Eyasi, na bei husemwa kwa mdomo. La pili ni duka la rafu, ambapo bei zimekwisha kuandikwa, mtu hujichukulia mwenyewe akalipe mlangoni. Na hapo mlangoni, kwa kimo cha macho ya mtoto, zimepangwa peremende na biskuti. Aliyezipanga hapo hakukosea njia. Amejua kwamba baba akifika pale amechoka, na watu wako nyuma yake wanangoja, na mtoto ana mikono.

Na achukuliwe kwa mfano Zaid, yule Zaid wa vitabu vya nahau, ambaye kwa karne nyingi amekuwa akimpiga Amru katika mifano ya walimu. Leo apumzishwe na kazi hiyo, atiwe katika mfano mwingine. Zaid ni mtu wa pwani, auza nguo Karatu. Ameingia duka la rafu na mwanawe wa miaka minne. Mtoto ameona peremende. Zaid amesema hapana. Mtoto amelia, kisha amejitupa chini. Mwenye duka anatazama, madereva wa wageni wanatazama, na katika mlango amesimama mtu anayesali naye msikiti mmoja. Hapo mbele ya Zaid ziko njia nne: anunue, adanganye, apige, au astahimili kwa ukweli. Na kila njia ina hukumu yake na matokeo yake.

Njia ya kwanza ni kununua. Hii ndiyo nyepesi, na ndiyo ipendwayo na wengi. Zaid atoa shilingi chache, kilio chakoma, watu wageuza nyuso zao. Lakini katika kila bei yapasa kuangalia kilichouzwa na thamani yake. Zaid adhani amenunua peremende. Sivyo, kwani peremende hakuitaka. Alichokinunua ni kimya. Na thamani aliyoitoa si zile shilingi, bali ni lile neno lake la kwanza, neno la "hapana". Neno lile lilikuwa la baba, nalo limeuzwa mbele ya mashahidi. Mtoto hakujua kwamba neno la baba lina bei. Sasa amejua, na amejua pia kwamba bei yake ni kilio cha kitambo kidogo. Kesho baba akikaza zaidi, mtoto hatafikiri kwamba leo hapana ni hapana. Atafikiri kwamba bei imepanda, naye atalia zaidi.

Jambo hili limepimwa na watu wa elimu ya tabia. Huko Marekani, C. B. Ferster na B. F. Skinner walitoa mwaka 1957 kitabu kikubwa cha majaribio yao, mengi yao kwa njiwa. Njiwa aliyezoea kupewa punje kila anapodonoa, punje zikikatwa huacha kudonoa upesi. Lakini yule aliyezoea kupewa mara moja moja, baada ya kudonoa mara nyingi, huendelea kudonoa muda mrefu sana hata baada ya punje kukatwa. Basi baba anayekataa mara tatu akanunua mara ya nne adhani amejitahidi kuwa mkali. Kumbe ndiye anayemfunza mtoto asichoke kulia.

Kisha kuna jambo ambalo watu wa fiqhi watalifahamu upesi zaidi. Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 505 wa Hijra, sawa na 1111, na wanavyuoni wa Kishafii waliomfuata, wameeleza kwamba mtu akiombwa mali mbele za watu, akaitoa kwa kuona haya tu na moyo wake haukuridhika, aliyeipokea hawi mwenye kuimiliki; kwani haya ni upanga kama upanga mwingine, na kilichochukuliwa kwa upanga wa haya hukumu yake ni kama kilichoporwa. Sasa na aangaliwe mtoto wa Zaid. Nyumbani hulia kidogo akanyamaza, kwa kuwa hakuna wa kumwona baba. Sokoni hulia kwa nguvu, kwa kuwa watu wapo. Naye hakusoma kitabu, walakini ameuona ule upanga ulipo, akaushika. Hana dhambi, kwani ni mdogo na kalamu haimwandikii. Lakini baba akimpa kila mara, amemlea mwanawe katika kula kwa upanga wa haya, na mtoto huyo akikua atawatoza kwa haya mkewe na ndugu zake na washirika wake katika biashara.

Na mara nyingi Zaid hanunui kwa kumhurumia mtoto. Anunua kwa kujihurumia nafsi yake, asije akaonekana kuwa bakhili au fukara. Wako walio tayari kukopa dukani ili mtoto anyamaze mbele ya watu wa msikitini. Huyo amelipa mara mbili, neno lake na deni, na zote mbili kwa ajili ya macho ya watu. Ingekuwa afadhali amwambie mwanawe kwa sauti ya upole, "Leo sina fedha ya hiyo." Ufukara si aibu. Mtoto aliyemsikia baba yake akisema "sina" bila ya kuona haya, amefunzwa ukinaifu, na ukinaifu ni mali isiyokwisha.

Njia ya pili ni uwongo. Baba asema, "Nyamaza, kesho nitakununulia," wala hana nia hiyo. Au asema, "Askari yule atakukamata." Au, na hili ni baya zaidi, amwonyesha mzee wa Kimasai aliyevaa shuka yake akasema, "Nitakuacha hapa uchukuliwe na huyo." Mtoto anyamaza kwa hofu, na baba aona amefanya hila nzuri.

Habari ya uwongo huu imekwisha kutolewa hukumu. Abu Daud amepokea habari ya Abdallah bin Amir kwamba alipokuwa mtoto, mama yake alimwita akimwambia aje ampe kitu, na Mtume (S.A.W.) alikuwa ameketi nyumbani kwao. Mtume akamwuliza mama alitaka kumpa nini. Akajibu kwamba alitaka kumpa tende. Basi Mtume akamfahamisha kwamba kama asingempa kitu, angeandikiwa uwongo mmoja. Na aangalie msomaji: hapakuwa na soko wala kilio wala watu wa kuona. Ilikuwa ni tende tu, na mtoto tu, na mama akimwita mwanawe. Na hata hivyo neno lilihesabiwa kuwa neno. Wahenga nao wamesema kwamba ahadi ni deni, wala hawakuwatoa watoto katika hesabu hiyo.

Na faida ya hukumu hii imedhihirika hata kwa watu wasiotafuta dini ndani yake. Katika Chuo Kikuu cha Rochester, Marekani, Celeste Kidd na wenzake walitoa mwaka 2013 habari ya jaribio walilolifanya kwa watoto 28 wadogo. Kila mtoto aliahidiwa na mtu mzima kwamba angeletewa vitu vizuri zaidi vya kuchorea na kuchezea. Nusu yao waliletewa kama walivyoahidiwa. Nusu ya pili mtu yule alirudi mikono mitupu. Kisha kila mtoto akawekewa peremende laini mbele yake, akaambiwa kwamba akingoja bila ya kuila ataongezewa ya pili. Wale waliotimiziwa ahadi walingoja kwa wastani dakika 12. Wale waliovunjiwa ahadi walingoja dakika 3. Watu husema kwamba mtoto fulani hana subira, kana kwamba subira ni rangi ya ngozi aliyozaliwa nayo. Kumbe sehemu ya subira ya mtoto ni ukweli wa mtu mzima. Asiyeamini kwamba kesho itakuja, kwa nini angoje? Baba aliyevunja ahadi kumi asimlaumu mwanawe kwa kunyakua.

Ama kutisha kwa Wamasai au kwa Wambulu, ndani yake mna uwongo na dhulma pamoja. Mzee yule ana watoto na wajukuu, naye amekuja sokoni kununua sukari kama Zaid. Hakumdhuru mtu, na amefanywa kuwa zimwi la mtoto wa mgeni aliyefika juzi katika nchi yao. Katika watu wa pwani imekuwamo tangu zamani kasumba ya kuwadharau watu wa bara, na kasumba hiyo haikufunzwa vyuoni. Imefunzwa kwa maneno kama hayo, yaliyosemwa ili mtoto anyamaze. Mtoto aliyetishwa kwa jirani yake hatamtolea salamu ya heshima atakapokua.

Njia ya tatu ni kupiga. Wako wasemao kwamba wahenga wameamrisha hivyo kwa methali yao: mchelea mwana kulia, hulia yeye. Na aiangalie vizuri mwenye kusema hayo. Methali imemlaumu anayekiogopa kilio. Haikumwamrisha mtu kukileta. Aliyenunua peremende amekiogopa kilio, na aliyepiga ili kilio kikome upesi amekiogopa pia. Wote wawili hawakuweza kusimama pamoja nacho.

Katika dini, mtoto huamrishwa sala afikapo miaka saba, umri wa kupambanua mambo, na adabu ya mkono haikutajwa kwa ajili ya sala illa afikapo kumi. Itakuwaje basi apigwe wa miaka minne kwa ajili ya peremende? Na katika madhehebu ya Imamu Shafi'i, baba au mwalimu akimtia adabu mtoto, naye akafa kwa sababu ya adabu hiyo, dhamana iko juu yake, wala halindwi kwa kusema kwamba alitaka kheri. Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009 nayo imekataza adabu isiyolingana na umri na hali ya mtoto, na adabu kwa mtoto ambaye kwa udogo wake hawezi kufahamu sababu yake. Zaidi ya hayo, anayempiga mtoto mbele za watu na ajiulize apiga kwa ajili ya nani. Kama watu wasingekuwapo asingepiga, basi hakumtia adabu mtoto. Ameitetea heshima yake kwa mwili wa mtu asiyeweza kujitetea.

Hapo huenda mwingine akasema: kalamu haimwandikii mtoto, na wala hana akili ya kufahamu, kwa nini watu wajitaabishe? Apewe anachokitaka mpaka apate akili. Jawabu ni kwamba kalamu iliyoinuliwa kwa mtoto haikuinuliwa kwa baba yake. Imepokewa katika Sahihi ya Bukhari kwamba Hasan bin Ali, naye ni mtoto mdogo, alichukua tende katika tende za sadaka akaitia kinywani. Mtume (S.A.W.) akamkataza na kumtaka aitoe, akamweleza kwamba watu wa nyumba yake hawali sadaka. Katika habari hiyo mna mambo mawili yanayotosha kuwa kitabu. La kwanza, mjukuu mpendwa kuliko wote alinyimwa kitu kitamu kilichokwisha kufika kinywani. La pili, alielezwa sababu, ijapokuwa umri wake haukuwa umri wa kufahamu hukumu za sadaka. Yeye alinyimwa bila ya kudharauliwa. Na anayesema kwamba mtoto hafahamu, basi asiseme wakati huohuo kwamba mtoto amefahamu namna ya kumtia baba yake haya.

Imebaki njia ya nne, nayo ni kustahimili kwa ukweli. Hii ni nzito, kwani haimalizi kilio papo hapo. Walakini ina mlango wake, na mlango huo hufunguliwa nyumbani kabla ya kutoka.

Kwanza, mtoto asipelekwe sokoni na njaa wala usingizi. Mtume (S.A.W.) alipokuwa akisalisha akasikia kilio cha mtoto, aliifupisha sala kwa kumhurumia mama yake. Ikiwa sala ilifupishwa kwa ajili ya kilio, je, mazungumzo ya bei hayafupishwi? Basi mtoto akilia, jambo la kwanza si kumhukumu, bali ni kumtazama: huenda ana baridi, huenda amechoka, huenda watu na kelele zimemzidi. Kilio cha haja hupewa haja yake, wala kumpa si kununua kimya. Kinachokataliwa ni kukipa kilio cha tamaa kile ambacho neno la upole lilinyimwa.

Pili, aambiwe kabla ya kutoka watakwenda kununua nini, na kama leo kuna kitu chake au hakuna. Likisemwa liwe kweli. Akiambiwa kwamba kuna ndizi moja yake, basi ndizi ile inunuliwe, hata ikiwa baba amekawia na gari laondoka.

Tatu, apewe kazi. Huko Ngorongoro mtoto mdogo wa Kimasai huaminiwa kuchunga wana-mbuzi na wana-kondoo karibu na boma, hali ya kuwa rika lake mjini huonekana hafai kushika hata kikapu. Mtoto mwenye amana hana nafasi ya kujitupa chini. Basi mwana wa Zaid na abebe mfuko mdogo. Na ahesabu vitunguu vya Mang'ola vikitiwa kapuni, kimoja, viwili, vitatu. Na amsalimu mama mwenye fungu kabla ya bei kutajwa. Na katika kitabu cha Minhaj cha Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 676 wa Hijra, sawa na 1277, imeelezwa kwamba bei ya mtoto haisihi, walakini mwana wa mfanyi biashara hujaribiwa kabla ya baleghe kwa kuachwa azungumze bei na kushindana katika kupunguza, kisha ukifika wakati wa kufunga mapatano, walii wake ndiye afungaye. Maana yake ni kwamba soko ni chuo, na baba ni mwalimu wake. Mtoto wa miaka minne hajafikia mtihani huo, lakini chuo chake kimekwisha funguliwa.

Nne, akilia licha ya hayo yote, baba na ainame mpaka uso wake ulingane na uso wa mtoto, aseme mara moja tu, kwa maneno machache, "Unaitaka, nimekusikia, leo hatununui," kisha asirudie. Imamu Ghazali ameonya kwamba lawama zikizidi, maneno huwa mepesi moyoni mwa mtoto, na ameusia kwamba asifedheheshwe mbele za watu. Kikapu kiwekwe kwa mwenye duka, mtoto achukuliwe nje kwa upole, akae na baba yake mpaka pumzi zimrudie. Nje ya duka hakuna watu wa kuona, na upanga wa haya hauna makali. Akinyamaza, warudi ndani pamoja wamalize shughuli yao. Baba asimsimange njiani, wala asimhadithie mama kama kichekesho mbele ya mtoto.

Haya hayana maana kwamba peremende ni haramu. Mtoto na apewe zawadi, lakini apewe hali ya kuwa hakulia, ili ajue kwamba kitu kizuri huja kwa mapenzi. Na wenziwe nyumbani wapewe sawa naye, kwani habari ya Nuuman bin Bashir, aliyepewa zawadi na baba yake peke yake, na Mtume (S.A.W.) akakataa kuishuhudia kwa kuwa nduguze hawakupewa, yajulikana na kila msomi.

Imebaki haki ya mwenye mali, ambayo katika habari za watoto husahauliwa. Mtoto hupita katika mafungu akashika ndizi, akaimenya. Mama mwenye fungu, ambaye huenda ndizi zile ndizo chakula cha jioni cha watoto wake, husema kwa adabu, "Mwache, ni mtoto." Baba hucheka akapita. Je, yule mama ameridhika, au ameona haya kumtoza mtu aliyevaa kanzu safi? Upanga ni uleule, ila sasa umekatia upande wa pili. Yapasa baba alipe, na akikataliwa ashikilie kulipa, na amtie mtoto ile fedha mkononi aitoe mwenyewe. Vivyo hivyo mtoto akivunja kitu katika maduka ya vinyago na shanga: dhamana ya kilichoharibika haiondolewi na udogo. Kama mtoto ana mali, hulipwa katika mali yake, na walii ndiye alipaye kwa niaba yake. Na baba mwenye murua hutoa mfukoni mwake akashukuru. Na biskuti iliyofunguliwa kabla ya kulipiwa ipelekwe mlangoni na ganda lake, wala isifichwe nyuma ya rafu.

Na jambo la mwisho laonekana katika njia ya kwenda Ngorongoro. Kando ya barabara husimama watoto wakiyangoja magari ya wageni, na baadhi ya wageni hupunguza mwendo, wakatoa peremende dirishani, wakapiga picha, wakaenda zao. Wasilaumiwe watoto wale, kwani huenda nyuma yao mna shida. Walakini kile wanachopewa kinafanana na kile alichopewa mwana wa Zaid: kitu kitamu kilichotupwa ili mtoto afurahi dakika moja na mkubwa apate raha ya nafsi yake. Hakuna jina lililoulizwa, wala salamu iliyojibiwa. Mtoto huondoka amejua kunyosha mkono. Basi baba wa Kiislamu apitaye njia ile na mwanawe, akitaka kutoa sadaka, na asimame, ashuke, asalimu, amtafute mzee wa mahali, atoe kilicho na faida, na mwanawe aone.

Kwa hiyo jawabu la mas'ala ni hili: kimya cha mtoto hakiuzwi. Anayekinunua hupewa kimya cha leo, na kelele za kesho hudaiwa juu yake. Na thamani aliyoitoa, nayo ni neno lake, hairudi kwa urahisi. Kinachopatikana sokoni bila ya fedha ni kumfunza mtoto kwamba hapana ya baba ni hapana, na naam yake ni naam, na kwamba kati ya hizo mbili yeye anapendwa sawasawa. Watakaosimama kumtazama baba wakati wa kilio watatawanyika kabla ya adhuhuri. Mtoto ndiye atakayebaki naye, na siku moja ndiye atakayemshika mkono baba yake, mzee aliyechoka, wakipita katika soko lilelile. Na jinsi alivyosubiriwa ndivyo atakavyosubiri.

Mwenyezi Mungu awajaalie wazazi ukweli wa ulimi na upana wa kifua, na awafanye watoto wao kuwa kituliza macho chao duniani na akhera. Amin.

Wallahu aalam.